Kiongozi Mzuri Hasifiwi Mbele ya Wakubwa

Katika chumba cha Alhamisi hapakuwa na kiti kilichoupa mlango mgongo. Hilo ndilo jambo la kwanza Daktari Virginia alilonifundisha nilipoanza kazi ya mapokezi pale Ngara, kabla hata hajanionyesha mahali pa kuweka mkoba wangu. Viti vyote vilipangwa kandokando ya ukuta, na kile kimoja kilichokosa ukuta, cha karibu na mlango wenyewe, alikikalia yeye.

"Hawa wazee wamelinda milango ya watu maisha yao yote," aliniambia. "Hapa ndani wacha mtu mwingine awalindie."

Walikuwa wazee kwa heshima tu. Wengi hawakuwa wamefika miaka hamsini. Walikuwa wanajeshi wastaafu, na wengi wao walipata kutumwa nchi za mbali kulinda amani ya watu wengine, wakarudi na mambo wasiyoweza kuyasimulia mezani nyumbani. Mmoja alikuwa halali kitandani, analala sakafuni nyuma ya mlango, mkewe akiamka kwenda msalani inabidi amruke. Mwingine, gurudumu la lori likipasuka huko barabarani, alijikuta amelala kifudifudi katikati ya wauza nguo za mitumba. Kisha anainuka, anajipangusa vumbi, na kuuliza bei ya shati asilolitaka.

Kituo chetu kilikuwa ndani ya nyumba ya zamani ya mawe, mali ya Mzee Gurmeet Singh, aliyetuachia kwa sababu babu yake naye alikuwa askari. Ilikuwa na veranda, ua wenye ukuta mfupi, na vyumba vilivyonuka karatasi na chai. Hapo ndipo Daktari Virginia alipofanyia kazi yake, na kwa kweli hapo ndipo alipoishi; nyumba yake ya Kileleshwa ilikuwa ya kwenda kulala tu.

Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mwanasaikolojia, na udaktari wake aliupata kwa kusoma hadi shahada ya mwisho. Tofauti hiyo ilimwandama kama inzi. Mkurugenzi wa kwanza wa kituo alikuwa meja mstaafu, na alipochoka akarudi kwao kulima, Daktari Virginia ndiye aliyeachiwa funguo. Bodi ikamwita kaimu mkurugenzi. Neno hilo kaimu lilikaa kwenye mlango wake mwaka baada ya mwaka, kama plasta ambayo mtu amesahau kuibandua na kidonda kimeshapona. Yeye ndiye aliyekwenda wizarani kupigana na makarani, yeye ndiye aliyeajiri na kuachisha, yeye ndiye aliyehesabu dawa ambazo hakuruhusiwa kumwandikia mtu. Lakini kila bodi ilipokaa ilipata sababu. Mara hakuwahi kuvaa magwanda. Mara hawezi kuandika dawa. Mara mwanasaikolojia ni mtu wa kusikiliza, na kiongozi ni mtu wa kusema.

Yeye alikuwa na mpango. Alitaka vituo vingine kama hiki kule kwenye kambi kubwa, Nanyuki, Nakuru, Eldoret, na kila kimoja kiongozwe na mwanasaikolojia kijana aliyefundwa naye. Kaimu hawezi kutia sahihi ya kuunda kazi mpya, mkurugenzi anaweza. Hicho tu ndicho alichohitaji, lile neno moja liondoke mlangoni. Na mimi nilikuwa na sehemu yangu ndogo katika mpango huo. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni hapo mjini, saikolojia na unasihi, na nikifika Kinoo namkuta binti yangu Shiku ameshalala mgongoni kwa nyanya yake, mdomo wazi, mkono umeshika leso. Nilikuwa namtoa pole pole, asiamke. Daktari Virginia aliniambia siku moja, bila kuinua macho kwenye kazi yake, kwamba nikifaulu, mmoja wa hao vijana nitakuwa mimi. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Katika chumba cha Alhamisi, walikokutana kila wiki kuzungumza na Daktari, kulikuwa na sheria moja: sema kilichopo. Mtu akisema kifua kinamsumbua, Daktari anamwuliza, kifua, au kitu kilicho kifuani? Koplo Were, mtu mnene wa mizaha, miaka mingi alikuwa akisema ana malaria. Malaria ya Desemba, malaria ya Juni. Alhamisi moja akatoka chumbani, akasimama mbele ya meza yangu akaniambia, kama mtu anayeniagiza soda, "Mama Shiku, kumbe mimi naogopa." Akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuugua malaria tena.

Sajini Kuria ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mrefu, mkavu, masharubu yamepigwa pasi pamoja na shati. Wenzake hawakukaa kabla hajakaa. Daktari Virginia alimtegemea, kwa kuwa Kuria akisema kitu kigumu, wengine nao wanathubutu. Nilijua, kama kila mtu alivyojua pale, kwamba kulikuwa na barabara fulani huko misheni ya kulinda amani iliyomrudia kila usiku, na kwamba vijana wake watatu walibaki kwenye barabara hiyo. Zaidi ya hapo sikujua. Mambo ya chumbani yalibaki chumbani.

Mwaka 2006 bodi ikakubali hatimaye kumtafuta mkurugenzi kamili. Waliobaki mwisho walikuwa wawili: Daktari Virginia, na Daktari Ndungu, daktari wa dawa aliyestaafu kutoka jeshini. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Kanali Kibe, mstaafu pia, mtu wa suti ya kijivu na maneno mafupi. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba nyumba isiyo na mtu wa kupigiwa saluti itaanguka.

Na sasa nifike kwenye jambo linalouma zaidi. Ni Daktari Virginia mwenyewe aliyedai wastaafu wasikilizwe. Alisema haiwezekani kuwachagulia kiongozi watu wazima kama wanavyochaguliwa watoto wa shule. Kanali Kibe alikataa kwanza. Alisema kambini askari hachagui kamanda wake. Daktari akamjibu kwamba hapa si kambini. Walivutana vikao viwili, na mwishowe Kanali akakubali wastaafu watatu waje waulizwe. Wenyewe wakachagua Sajini Kuria, Koplo Were, na Mwanzia, aliyekuwa dereva wa malori ya jeshi. Nilimwona Daktari siku ile akitembea kwenye korido kwa hatua nyepesi kama msichana. Kama kuna watu duniani waliojua alichokifanya, ni hao watatu.

Siku ya usaili walifika mapema, makoti yamepigwa pasi, medali kifuani. Nikawatania kwamba wamependeza kama wanaenda kuposa. Were akasema kwa kweli wanaenda kukataza posa. Nikacheka. Sikuelewa, nikacheka.

Mimi niliitwa ndani kuandika kumbukumbu za kikao. Daktari Virginia alikuwa ameshaulizwa maswali yake asubuhi na sasa alikuwa ofisini mwake, mwisho wa korido, mlango wazi. Daktari Ndungu alikuwa ameshaenda. Mezani alikaa Kanali Kibe katikati, Mzee Gurmeet kushotoni na kilemba chake cha samawati, na wajumbe wengine ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa.

Sajini Kuria aliingia wa kwanza. Alikataa kiti. Kanali alimwambia, kwa upole ambao sikuutarajia, kwamba yeye, Sajini, ametumikia nchi na anamjua kiongozi akimwona. Basi aseme, huyu mama anafaa kupewa nyumba hii?

Kuria aliangalia ukuta, juu ya kichwa cha Kanali.

"Ni mama mzuri, Afande. Chai yake ni tamu."

Wajumbe wakacheka kidogo. Kanali akamwambia aendelee.

"Lakini mambo ya kuongoza, Afande, hapana. Ako na maneno mingi. Mtu kama huyo ni wa kukaa hapa chini na watu. Huko juu hatoshi."

Kalamu yangu ilisimama. Kanali akanitazama, nikaandika. Huko juu hatoshi. Nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Were akaingia, akasema karibu yale yale, kwamba Daktari ni mtu wa kawaida tu, kazi yake ni sawasawa lakini si ya kushangaza, kwamba wasimsumbue na vyeo. Mwanzia akasema anasahausahau. Nilitaka kusimama. Mwanamke aliyejua jina la mke wa kila mmoja wao, aliyejua ni mtoto wa nani anafanya mtihani mwaka huu, aliyempigia simu Mwanzia kila ilipofika siku ile ambayo Mwanzia hataki kuishi, ati anasahausahau. Mzee Gurmeet alivua miwani akaifuta, akaivaa, akamwuliza Mwanzia kama ana hakika. Mwanzia akasema ana hakika kabisa, Mzee.

Walipotoka, Kanali aliagiza chai na kusema kwamba, kusema kweli, hata yeye hakutarajia. Sauti yake haikuwa ya furaha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi ambayo alikuwa tayari kushindwa.

Nilikwenda jikoni kuleta chai, na jikoni kuna dirisha linaloangalia uani. Wote watatu walikuwa wameketi kwenye ule ukuta mfupi, wanacheka. Were alikuwa anamwigiza Kanali. Mwanzia anajipiga paja. Nilitoka na birika na vikombe mkononi.

"Mama Shiku," Kuria aliniita, "ongeza sukari leo. Leo ni sikukuu."

Nikamwuliza, sikukuu ya nini, Mzee.

"Tumemshikilia. Hawambebi tena."

Hapo ndipo walipoanza kunieleza, wakipokezana, jinsi watu wanavyomweleza mgeni mila za kwao. Jeshini, walisema, kiongozi mzuri hasifiwi mbele ya wakubwa. Wakubwa wakija kukagua wakuulize habari za sajini wako, unasema ni wa kawaida, unasema anajaribu. Ukimsifu, kesho anapandishwa, keshokutwa amebebwa, amepelekwa makao makuu apewe meza na simu, na nyinyi mnaletewa mtu msiyemjua. Kikosi kinachompenda kiongozi wake kinamficha kama mtu anavyoficha kuku wa mayai mgeni akibisha hodi. Kila askari anajua. Hata kiongozi mwenyewe anajua, akisikia amesemwa vibaya anafurahi moyoni.

"Yeye hajui," nikasema.

"Atajua," akasema Were. "Daktari ni mmoja wetu."

Kuria alikuwa ameacha kucheka. Alikishika kikombe kwa mikono miwili akaongea akikitazama.

"Kule misheni tulikuwa na luteni, kijana mdogo tu. Barabara kama haijaangaliwa mabomu, gari haipiti. Hata kama wakubwa wanapiga kelele kwa redio, haipiti. Akaja mkubwa kutoka makao makuu. Akaniuliza, Sajini, huyu luteni wako ni mtu wa aina gani? Nikamsifu. Mama Shiku, nilimsifu mpaka nikakosa pumzi. Nilifikiri namfanyia mema. Wiki hiyo hiyo wakambeba. Wakatuletea mwingine, mtu wa haraka haraka. Huyo hakuangalia barabara."

Mwanzia aliangalia viatu vyake.

"Sasa leo," Kuria akasema, "leo sikurudia hiyo makosa."

Niliweka birika chini. Nikawaambia pole pole, kama ninavyomwambia Shiku jambo ambalo najua litamliza, kwamba cheo chenyewe ni cha hapa hapa. Mkurugenzi hapelekwi popote. Ofisi yake ni ile ya mwisho wa korido, ile anayokalia sasa. Kupanda kwake kulikuwa ni kubaki. Asipopewa, atakuja Daktari Ndungu, na Daktari Ndungu amekwisha kuiambia bodi kwamba chumba cha Alhamisi kitafaa sana kuwa dispensari.

"Si walisema ni kupandishwa?" Were aliuliza.

"Kupandishwa hapa hapa, Koplo."

"Na tukisema hatoshi?"

"Basi mmesema hatoshi."

Sajini Kuria alikiweka kikombe chake juu ya ukuta, akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha juu. Akasema twende. Tukaingia wote wanne, mimi mbele, na birika nimeliacha uani.

Alisimama mbele ya meza ile ile, lakini safari hii hakuangalia ukuta, alimwangalia Kanali usoni. Alisema yale aliyoyasema mwanzo hayakuwa kweli. Akaeleza sababu, akajikwaa, akarudia. Akasema Daktari Virginia ndiye kiongozi bora aliyepata kumwona tangu avue magwanda, na pengine hata kabla ya hapo, na kwamba bila yeye Mwanzia hangekuwa hai. Mwanzia akasema ni kweli. Were, mtu wa mizaha, alikuwa analia bila kujificha. Nilidhani hakuna jiwe ambalo lingeyasikia hayo lisipasuke.

Kanali Kibe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakunja mikono.

"Sajini, mimi nilikuwa jeshini pia. Hiyo desturi naijua. Lakini nifikirie na mimi nilipokaa. Saa iliyopita mlisema hatoshi. Sasa mnasema hakuna kama yeye. Mmelia hapa mbele yangu. Hapo katikati mmekaa nje na karani wake." Akanitazama kidogo tu. "Nikiwapelekea hii wafadhili watasemaje? Watasema hawa ni wagonjwa. Na wagonjwa hawawezi kuwa mashahidi."

"Mwanzo tulikuwa mashahidi," akasema Kuria.

Mzee Gurmeet akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba mtu akirudi mwenyewe kusema amekosea, kwao huyo ndiye anayeaminiwa zaidi. Wajumbe wengine wakatazama vikombe vyao vitupu. Kanali akasema kumbukumbu zimeshaandikwa, na kikao cha wastaafu kimefungwa, na anawashukuru kwa utumishi wao kwa taifa. Hapo wote watatu, kwa mazoea, miili yao ikanyooka. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kuona visigino vikigongana.

Mzee Gurmeet peke yake ndiye aliyepiga kura kwa Daktari Virginia. Alasiri wakamwita wakamwambia. Walimwomba abaki kama mshauri chini ya Daktari Ndungu, mshahara ule ule, chumba kingine. Chumba kingine kilikuwa stoo. Aliwashukuru. Alirudi ofisini akaanza kuvua picha ukutani.

Nilimfuata na sanduku la karatasi. Nilikuwa nimebeba maelezo yote mdomoni, lakini Kuria alinitangulia. Alikuwa amesimama pale mlangoni, kofia mkononi, hajui kama aingie. Daktari alimwambia aingie, akae. Kiti kilichokuwepo kilikuwa kimeupa mlango mgongo. Daktari akakizungusha.

Kuria alimweleza kila kitu. Alimweleza kuhusu desturi, na kuhusu luteni, na mkubwa aliyekuja kukagua, na sifa alizomwaga. Nilitaka kutoka, lakini Kuria alinionyesha kwa mkono nibaki. Alipofika kwenye zile sifa, Daktari Virginia, aliyekuwa ameshika picha yenye vumbi, aliiweka chini taratibu sana.

"Sajini," alisema, "hiyo hukuwahi kuniambia."

"Nilikuambia ile barabara."

"Ndiyo, barabara uliniambia yote, kila jiwe. Hukuniambia kwamba wewe ndiye uliyemsifu."

"Hiyo sikuweza."

"Miaka yote hii tulikuwa tunaitafuta hiyo. Nilijua kuna kitu bado kimekaa chini ya ile barabara. Sasa umekitoa." Alimgusa begani, mkono ukakaa hapo. "Kusifu hakuua mtu, Sajini. Unanisikia? Wewe ulisema ukweli kuhusu mtu mwema. Wengine ndio walioamua."

Sijui kama alikuwa anamwambia Kuria kuhusu luteni au kuhusu yeye mwenyewe. Kuria alilia kwa namna ya watu wasiojua kulia, kwa kukohoa. Alipotoka alitembea kama mtu aliyeteremsha gunia. Nilimwona akipita uani, mabega yake yameshuka, kwa mara ya kwanza sikuona kamba iliyoyashikilia.

Daktari Virginia alifunga mlango. Akakaa kwenye kile kiti cha Kuria, akaangalia ukuta uliobaki na alama za picha.

"Umeona, Mwihaki? Kazi yangu imekamilika leo. Ingekamilika mwezi uliopita, ningekuwa mkurugenzi." Akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kikavu kama ganda la mahindi. "Nimekaa na watu hawa nikiwafundisha jambo moja tu, waseme kilichopo. Siku moja tu ndiyo niliyowahitaji."

Nikamwambia walifanya kwa mapenzi.

"Najua. Ningejua ni kwa chuki ningelala vizuri."

Nikamwambia pia kwamba bado kuna namna, akate rufaa, Mzee Gurmeet atamsaidia. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa sababu hakuwahi kumkatiza mtu. Kisha akaniuliza habari za Shiku, kama kikohozi kimeisha. Nikasema kimeisha. Akasema niwahi darasa, nisichelewe kwa ajili yake.

Alipata kazi ya kufundisha kwenye chuo kimoja huko nje ya mji. Watu walisema ni kazi nzuri. Hakuongoza kituo tena.

Daktari Ndungu alianza mwezi uliofuata. Alikuwa akija mara mbili kwa wiki, mkono umeshika simu, mwenye heshima, mwenye haraka. Chumba cha Alhamisi kiliwekwa dirisha dogo la kutolea dawa, na viti vikapangwa kwa safu, vyote vikitazama dirisha hilo, mlango ukiwa nyuma. Nilimweleza habari za mlango. Akasema ni wazo zuri, tutalifikiria, kwa sasa nafasi haitoshi.

Alhamisi ya kwanza wastaafu waliingia, wakaona safu, wakasimama. Hakuna aliyekaa. Walijipanga kandokando ya ukuta, wamesimama, kila mmoja akisubiri jina lake liitwe, na viti vitupu katikati ya chumba kama vya harusi iliyovunjika. Mwanzia hakuja siku hiyo. Nilimpigia simu, na nilimpigia tena Alhamisi iliyofuata, na sasa nampigia kila inapofika siku ile ambayo Daktari alikuwa akimpigia, ingawa hakuna aliyeniagiza. Mara nyingine anapokea. Anaponiambia ni malaria namwambia hiyo ni ya Were, aseme yake.

Alhamisi ile ile ya kwanza Sajini Kuria alichukua dawa zake dirishani, akaja mezani kwangu. Alikuwa analala sasa, aliniambia, analala usiku mzima, na hilo lilimtia aibu kuliko alipokuwa halali. Masharubu hayakuwa yamepigwa pasi. Akaniuliza, kwa kupitisha wakati tu, hiyo shule yangu ya jioni inaisha lini.

Nikamwambia mwakani, Mungu akipenda. Na kwamba nitaomba kazi, hapa au Nakuru au popote watakaponichukua, na kwamba ipo siku nami nitaomba ile ofisi ya mwisho wa korido. Nilishangaa kujisikia nikilisema hilo. Sikuwa nimelisema hata kwa mume wangu.

Akanitazama kwa muda, mdomo ukataka kutabasamu ukaacha.

"Na wakituita kutuuliza juu yako," akasema, "tuwaambie nini?"

"Mseme kilichopo, Mzee."

Alikunja karatasi ya dawa, akaitia mfukoni mwa koti, kisha akarudi kule chumbani. Akachukua kiti kimoja kwenye safu ya nyuma, akakiburuta hadi karibu na mlango, mahali ambapo Daktari alikuwa akikaa, akaketi hapo akiuangalia, huku wenzake nyuma yake wakianza, mmoja mmoja, kukaa.